Muulize Mkutubi: Kabrasha la semina, nimpe na asiyehudhuria?

Barua za mwezi huu zimetoka Lindi, Tandahimba na hapa Mtwara mjini, na zote zinaulizia jambo moja: makaratasi yanayogawiwa kwenye makongamano na semina, na haki ya wale ambao hawakuwamo ukumbini. Nimeziweka pamoja. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu kuna uhai wa watu ndani yake.

Mama Mkutubi, shikamoo. Mimi ni muuguzi mkunga katika kituo cha afya mkoani Lindi, kwenye barabara ya kwenda Masasi. Nilipelekwa Dodoma kwenye kongamano la wakunga. Siku moja kabla ya kongamano lenyewe kulikuwa na mafunzo ya nusu siku kuhusu kina mama wanaotoka damu nyingi baada ya kujifungua. Tulipewa kabrasha nene, na PDF yake tukatumiwa kwenye simu. Ukurasa wa kwanza umeandikwa "Kwa washiriki tu". Tangu nirudi, wenzangu wa zamu na wa zahanati za jirani wananiomba niliweke kwenye kundi letu la WhatsApp. Mmoja ameninunia, anasema nina choyo cha elimu. Ada ililipwa na kituo, si mimi. Nifanyeje?
*Muuguzi, Lindi*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kununiwa. Usiliweke kwenye kundi bado. Kwanza mwandikie mwezeshaji aliyewafundisha. Namba yake au barua pepe yake iko kwenye slaidi ya kwanza au ya mwisho. Nimeyapokea makabrasha mengi hapa maktabani na ni machache sana yasiyokuwa nayo. Mwandikie hivi, ubadilishe unapotaka:

"Habari za kazi, daktari. Nilikuwa kwenye mafunzo yako Dodoma. Naomba ruhusa kuwapa kabrasha lako wakunga wenzangu wa kituo chetu na wa zahanati za jirani, bila malipo, jina lako likibaki lilivyo. Kama kuna kurasa ungependa niziondoe, niambie. Kama una toleo jipya zaidi, naomba hilo."

Sentensi mbili za mwisho ndizo zinazofungua mlango, na nitaeleza kwa nini.

Maneno "Kwa washiriki tu" huwekwa kwa sababu mbalimbali. Waandaaji wana ada ya kutetea: aliyelipa asione kwamba aliyebaki nyumbani kapata kilekile bure. Mtoa mada naye huenda ameazima mchoro kutoka jarida la kitabibu kwa ruhusa ya kuuonyesha siku ile tu. Mara nyingine kuna takwimu za utafiti ambao haujachapishwa. Na mara nyingine, niseme wazi, hakuna sababu yoyote: mtu kachukua faili la mwaka jana, akabadilisha tarehe, maneno yale yakabaki. Wewe huwezi kujua ipi ni ipi mpaka umwulize. Watoa mada niliowahi kuwaandikia kwa niaba ya wasomaji wangu wengi wao wamekubali, na baadhi wamenitumia faili safi kuliko nililokuwa nalo. Mtu aliyekesha akiandaa mafunzo anafurahi kusikia kwamba mkunga wa zahanati ambaye hajawahi kumwona anayataka.

Sasa sheria. Kabrasha lina hakimiliki tangu lilipoandikwa. Halihitaji mhuri wala kusajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ili lilindwe. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999, Sura ya 218, na Tanzania imo katika Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa kulinda kazi za watunzi, tangu 1994. Mkataba huo unaitaja hata mihadhara kati ya kazi zinazolindwa. Ulinzi unadumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Nakala ya matumizi yako binafsi sheria inakuruhusu. Kundi la WhatsApp lenye watu wa zahanati zote za tarafa si matumizi binafsi, hata mkiwa mnajuana kwa majina. Na ada iliyolipwa na kituo ilinunua kiti chako na nakala yako. Haikununua haki ya kudurufu.

Lakini mwambie huyo aliyenuna jambo ambalo wengi hawalijui: mafunzo yenyewe hayana mwenyewe. Hakimiliki inalinda maneno, michoro na mpangilio wa mtunzi. Hailindi ukweli uliomo. Ukweli huo ni wako kuutangaza kuanzia leo. Utafiti wa E-MOTIVE, ambao sina shaka ulitajwa Dodoma, ulichapishwa Mei 2023. Ulifanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania, ukihusisha wanawake zaidi ya 200,000. Damu ilipopimwa kwa kile kitambaa cha plastiki chenye alama za mililita badala ya kukisiwa kwa macho, na matibabu yote yakatolewa kwa mkupuo badala ya kusubiri moja lishindwe ndipo lije jingine, matokeo mabaya kabisa yalipungua kwa asilimia 60. Hakuna ruhusa ya mtu unayohitaji kusimama mbele ya wenzako asubuhi ya makabidhiano ya zamu ukayaeleza hayo, ukachora kitambaa ubaoni kwa mkono wako, ukawaonyesha jinsi ya kukitandika chini ya mama. Fanya hivyo wiki hii, jibu la mwezeshaji likiwa bado liko njiani.

Tena ningekuombea ufanye hivyo hata kama ruhusa imeshapatikana. Kabrasha la mafunzo limeandikwa kwa ajili ya mtu aliyekuwepo. Slaidi inasema "anza mapema". Mwezeshaji akasimama dakika kumi kueleza mapema ni lini, nani anapiga kelele kuita msaada, nani anashika mkono wa mama. Hayo hayamo kwenye PDF. Aliyekuwa ukumbini akiisoma anakumbuka. Asiyekuwepo anaona maneno mawili na mshale. Kwa hiyo unapolituma, lisindikize: ujumbe wa sauti wa dakika chache kwa kila sehemu, au kurasa ulizoandika kwa kalamu yako pembeni. Maelezo hayo uliyoyaandika mwenyewe ni mali yako na unaweza kuyagawa upendavyo.

Na kabrasha huzeeka. Hapa ndipo ile sentensi kuhusu toleo jipya inapofanya kazi. Kwa miaka mingi mkunga alifundishwa kwamba damu ikifika mililita 500 ndipo jina la tatizo linatajwa. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya: mililita 300 zikiambatana na dalili za hatari mwilini, mapigo au presha visivyo vya kawaida, zinatosha kuanza matibabu, usingoje 500. Fikiria kabrasha la miaka michache iliyopita likizunguka bila tarehe kutoka simu hadi simu, mpaka kwa mkunga aliye peke yake usiku, naye akangoja. Andika tarehe ya mafunzo juu kabisa ya ukurasa wa kwanza. Ukituma kwenye kundi, itaje na kwenye ujumbe wenyewe, maana faili litahamishwa na maneno yako yatabaki nyuma.

Sentensi ya kurasa za kuondoa inahusu picha. Mafunzo ya kitabibu yana picha za wagonjwa: jeraha, mama kitandani, pengine uso unaonekana nusu. Huenda mgonjwa alikubali picha ionyeshwe darasani kwa wataalamu. Hakukubali izunguke kwenye simu za watu, na Lindi ni ndogo, dada zake watamtambua kwa kitenge tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kurasa hizo zitoe hata kama mwezeshaji hakukuambia. Katika hili mimi sina "lakini".

Kisha pekua uone kiasi gani cha kabrasha ni dondoo. Utashangaa. Majedwali ya dozi kwa kawaida yametoka kwenye Mwongozo wa Matibabu wa Taifa, ambao Wizara ya Afya imeuweka wazi kwa kila mtu kuupakua. Toleo ninaloliweka kwenye kompyuta za maktaba ni la 2021. Hatua za matibabu zimetoka Shirika la Afya Duniani, na machapisho yake tangu mwishoni mwa 2016 hutolewa kwa leseni inayoruhusu kunakili na kugawa bila biashara, mradi chanzo kitajwe. Hayo wape wenzako kutoka kwenye chanzo chenyewe. Ni halali, ni mapya, na hayana picha ya mtu.

Asipojibu, ngoja kidogo umwandikie tena, safari hii ukiwapa nakala waandaaji. Akikaa kimya bado, usichukulie kimya kuwa ndiyo. Yote uliyoyasoma hapo juu yanabaki kuwa yako kufanya bila yeye. Akikubali, utunze ujumbe wake wa ruhusa, na weka nakala moja iliyochapwa kwenye faili la wodi ya wazazi, kwa ajili ya atakayehamishiwa hapo mwakani na hayumo kwenye kundi lenu.

Assalaam aleikum. Mimi ni mkulima wa korosho Tandahimba, mwanachama wa AMCOS, chama chetu cha ushirika wa mazao. Kulikuwa na semina ya magonjwa ya mkorosho Mtwara mjini, chama kikapeleka mtu mmoja. Amerudi na kabrasha, amelifungia kabatini kwake. Tukimwuliza anasema ni la washiriki na sisi tusiokwenda hatuna haki nalo. Ni kweli?
*Mkulima, Tandahimba*

Waaleikum salaam, mzee wangu. Si kweli, na jambo hili linaniuma.

Mtu aliyetumwa na chama, akalipiwa nauli na chama, anadaiwa mrejesho na chama. Hilo ni suala la uaminifu baina yenu, si la hakimiliki, na mkutano wa wanachama una haki ya kumwita asimame aeleze. Hakuna sheria inayomkataza kueleza alichosikia, wala kuliweka kabrasha mezani ofisini ili kila mwanachama akalisome kwa macho yake. Asichoruhusiwa ni kwenda steshenari na kutoa kopi za chama kizima bila kumwuliza mwandishi. Kati ya kufungia kabatini na kudurufu ovyo kuna uwanja mpana sana.

Kwa upande wa kopi, mna njia fupi. Watafiti wa korosho wako TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, kilomita chache tu kutoka mjini Mtwara, na kazi yao ni kuifikisha elimu hiyo kwa mkulima. Katibu wa AMCOS aandike barua, ataje semina na mada, aombe nakala za wanachama au kipeperushi cha Kiswahili kuhusu ugonjwa huohuo. Kabrasha la semina huwa na nusu ya maneno ya kitaalamu ambayo yaliandikwa kwa maafisa ugani. Kipeperushi kiliandikwa kwa ajili yako.

Hata ruhusa ikipatikana, usikubali kopi ya kopi. Nimeona hapa maktabani ukurasa wa vipimo vya dawa za maji ambao nukta ya desimali ilipotea kwenye mashine: 1.5 ikasomeka 15. Mkulima akiamini karatasi hiyo anaunguza shamba, au anajidhuru mwenyewe na pampu mgongoni. Vipimo visomwe kwenye lebo ya chupa au mfuko ulionunua, kabrasha liwe la kuelewa sababu.

Na sababu ndiyo inayopotea karatasi ikisafiri peke yake. Unga wa salfa ni kinga ya ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaounguza maua ya mkorosho. Hauponyi ua lililokwisha kuungua. Kwa hiyo swali kubwa la semina yoyote ya salfa ni lini uanze, na jibu lake liko juu ya mti wenyewe, kwenye machipukizi mapya na maua ya kwanza, tena alfajiri upepo ukiwa umetulia. Mwombeni mwenzenu awapeleke chini ya mkorosho mmoja, aonyeshe kwa kidole alichoonyeshwa. Kama aliisikiliza semina vizuri, saa moja shambani itawafaa kuliko kurasa zote zile. Kama hakuisikiliza, mtajua, na msimu ujao mtatuma mwingine.

Habari za kazi, Mkutubi. Ni mwalimu wa historia hapa Lindi. Nimealikwa kutoa mafunzo ya saa mbili kwa waongoza watalii kuhusu Tendaguru, kilima cha huku kwetu ilikochimbwa mifupa ya dinosaria. Waandaaji wanataka slaidi zangu wazigawe kwa yeyote, hata asiyekuja. Nina hofu mbili: jina langu kuondolewa, na watu kutokuja wakijua watapata makaratasi. Halafu picha kadhaa nilizitoa mtandaoni tu.
*Mwalimu, Lindi*

Nzuri, mwalimu. Kubali, na uandike masharti yako mwenyewe kabla hawajakuandikia wao.

Tangu 2002 kuna leseni za Creative Commons, ambazo ni maneno ya ruhusa yaliyokwisha kuandaliwa na wanasheria. Wewe unachagua herufi tu. BY inasema: chukua, gawa, tumia, lakini nitaje. Ukiongeza NC, isiwe kwa biashara. Ukiongeza ND, usigawe ukiwa umeibadilisha. Kwa mafunzo yako ningechagua BY pekee. NC itamtia wasiwasi mwongoza watalii anayelipwa kwa kazi yake, na huyo ndiye uliyemkusudia. ND itamzuia mwenzako wa Kilwa kuongeza ukurasa wa magofu ya kwao. Fahamu tu kwamba ukishaitoa leseni, waliokwisha kupata nakala hauwezi kuwanyang'anya ruhusa hiyo.

Jina lako na leseni viandike chini ya kila slaidi, si ya kwanza tu. Watu siku hizi hupiga picha ukurasa mmoja kwa simu, na huo mmoja ndio utakaosafiri. Kutajwa kuwa mtunzi ni haki yako kisheria hata bila leseni, lakini ni rahisi zaidi kuheshimiwa ukiwa umeandikwa.

Hofu ya ukumbi mtupu naielewa ila siiafiki. USENIX, chama cha wataalamu wa kompyuta huko Marekani, kiliamua mwaka 2008 kufungua bure mada zote zilizochapishwa za makongamano yake. Watu waliendelea kulipa ada na kupanda ndege kwenda, kwa sababu maswali na majibu hayamo kwenye karatasi. Mwongoza watalii atakuja kwako ili akuulize mtalii akimbana aseme nini.

Picha ni lazima uzishughulikie, mwalimu. Mifupa ilichimbwa Tendaguru, kwenye ardhi yetu, kati ya 1909 na 1913, ikabebwa vichwani na mabegani mwa watu wa huku hadi bandari ya Lindi. Leo dinosaria yule mkubwa, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, amesimama kwenye jumba la makumbusho la Berlin. Mifupa ikiwa ya Lindi, bado picha aliyoipiga mtu pale Berlin ni ya mpiga picha. Inauma kidogo kuyaandika hayo, nami sitayapamba. Ukumbini unaweza kuonyesha. Kwenye faili litakalogawiwa kwa dunia, badilisha. Wikimedia Commons, hazina ya mtandaoni ya picha zinazoruhusiwa kutumiwa, ina picha nyingi za mnyama huyo, kila moja ikiwa na maelezo ya jinsi ya kumtaja mpigaji. Na kuna picha ambazo hazipatikani kwa wingi: kilima chenyewe cha Tendaguru kilivyo leo, njia ya kufika, vijiji vya pembeni. Nenda ukazipige. Zitakuwa zako, na zitaongeza thamani ya kabrasha kuliko mifupa ambayo kila mtu amekwisha kuiona.

Nina steshenari karibu na stendi. Waliotoka semina huleta flashi tuwatolee kopi, na wengine huja baadaye kuulizia "zile za semina". Naweza kuwatolea na kuwauzia?
*Mwenye duka, Mtwara*

Mteja akija na faili lake na ruhusa ya mwandishi, au faili lina leseni ya kugawa, mtolee na utoze bei yako ya kopi kama kawaida. Kuweka faili la mteja kwenye kompyuta ya duka na kuliuza kwa wanaofuata ni kuuza kazi ya mtu bila idhini, hata ukiuza kwa bei ya karatasi tu. Mwelekeze anayeulizia amtafute mwandishi, jina liko kwenye jalada.

Na mafaili hayo yafute kila jioni kabla hujafunga. Kurasa za mwisho za makabrasha mengi zina orodha ya washiriki pamoja na namba zao za simu.